Gombe si Sokwe Tu: Siku ya Familia kwenye Ufukwe wa Kasekela

Wateja wangu wengi pale Mwanga, ninaowashonea vitenge mwaka mzima, wamezaliwa Kigoma na kukulia Kigoma, lakini Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, hawajakanyaga. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni lile lile: kule ni kwa Wazungu na sokwe wao. Neno hilo linaniuma. Ndiyo maana naandika kwa kirefu kuhusu siku tuliyokwenda na familia, kwa sababu nilichokikuta kule ni ufukwe wa kumpeleka mtoto, wa kumpeleka mgeni, wa kumpeleka hata mama mkwe. Wanaoandika kuhusu Gombe karibu wote wanaanzia mlimani. Mimi nitaanzia mchangani na nitakaa hapo muda mrefu.

Tulikuwa mimi na mume wangu, watoto wetu wadogo wawili, na wifi yangu aliyekuja kwa treni kutoka Tabora pamoja na binti yake wa kidato cha nne. Wifi ni Mnyamwezi wa Ipuli, amekulia kwenye miombo na mizinga ya nyuki, akatuletea dumu la asali ambalo mpaka leo tunalipigia mahesabu lisiishe. Ziwa Tanganyika alikuwa akilisikia tu kwa kaka yake. Nikaona haitakuwa heshima kumpeleka Ujiji kwenye jumba la makumbusho, nikamwonesha walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, kisha nikamrudisha nyumbani kula. Ujiji tulikwenda, ndiyo, lakini Gombe ndiyo niliyotaka aione.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba Gombe haina barabara. Uwe na gari la aina gani, litaishia Kibirizi. Kutoka hapo ni boti tu, kiasi cha kilomita 16 kuelekea kaskazini, ukiwa na milima mkono wa kulia na Kongo ng'ambo ya kushoto. Ramani haisemi kuwa ni kisiwa, lakini ukifika unajiona uko kisiwani. Mbele kuna maji, nyuma kuna ukuta wa Bonde la Ufa uliosimama wima, kusini kuna kijiji cha Mtanga na kaskazini Mwamgongo. Na ukiwa ndani ya boti utaona jambo ambalo halihitaji maelezo ya mtu. Milima ya vijijini ni mashamba ya muhogo na michikichi, mingine imebaki udongo mwekundu na nyasi, halafu ghafla msitu unaanza, kijani kibichi, kuanzia juu mpaka kwenye mawe ya ziwa. Wifi aliuliza, "Nani kapanda miti yote ile?" Nahodha akamjibu kwamba ile haikupandwa, ile haikukatwa.

Nimesema nahodha, basi nimalizane na habari ya boti, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya safari hii niliyorudi nayo na kinyongo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni boti za abiria za mbao zinazopeleka watu wa vijiji vya kaskazini. Zinaondoka Kibirizi mchana, zimebeba watu, magunia, kuku, mabati na makreti ya soda, zinasimama kila kijiji, na kwa kawaida hukaa majini saa nyingi. Ni bei nafuu, na kwa mtu mzima mwenye subira ni safari nzuri sana, maana utasikia Kiha chote cha mwambao humo ndani. Tatizo ni kwamba inakushusha Gombe jioni, na ile ya kurudi inapita asubuhi. Kwa hiyo ukichagua hiyo, jipange kulala hifadhini. Njia ya pili ni kukodi boti ya faiba yenye injini ya nguvu, ambayo maji yakiwa shwari inafika kama kwa saa moja. Ziwa likichafuka, muda huo usahau. Ukikodi, unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Hela yote iko hapo. Kwetu sisi kodi ya boti na mafuta ilizidi viingilio vyetu vyote kwa pamoja, tena kwa mbali. Watanzania tunalipa kwa shilingi, kiwango cha mwananchi, wakati mgeni wa nje analipishwa dola 100 za Marekani kabla ya kodi. Kwa hiyo anayesema Gombe ni ghali kwa mwenyeji, aseme boti ni ghali. Mkijikusanya familia mbili au tatu mkagawana, mzigo unabebeka.

Boti tuliyokodi sitaitaja jina. Mwenyewe alituahidi kuondoka saa 12 asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Tukafika mwaloni mapema, dagaa wa usiku wanashushwa, akina mama wanapima kwa ndoo, watoto wangu wanashangaa vipe, ile mitumbwi ya kuvulia dagaa, vilivyofungwa viwili viwili na taa zikining'inia juu ya maji. Saa 12 ikapita, saa 1 ikapita. Mafuta hayajaletwa. Yalipoletwa, nikauliza jaketi okozi za watoto. Zilizokuwepo zote ni za watu wazima. Mwanangu mdogo alivalishwa moja, akainua mikono, jaketi likatoka kichwani lenyewe kama gauni lisilofungwa zipu. Nikamwambia yule bwana, mimi ni fundi, hii naona kwa macho kwamba haimshiki mtoto, na ndani ya maji haitamshika. Akanijibu, "Mama, usihofu, ziwa leo ni zuri." Uzuri wa ziwa haumhusu mtoto aliyedondoka. Nilikataa kupanda. Tukasimama pale mpaka kijana mmoja wa boti ya jirani alipotuazima mawili madogo, yana mikanda ya kupita katikati ya miguu, ndipo tukaondoka. Huyo kijana Mungu ambariki. Hakutudai hata senti.

Basi, turudi ufukweni.

Boti inakushusha Kasekela, mguu wa kwanza unaingia kwenye maji hadi gotini. Ni pale pale ambapo tarehe 14 Julai 1960 alishuka Jane Goodall, binti wa miaka 26, akiwa na mama yake mzazi. Sehemu hiyo wakati huo ilikuwa pori la akiba, ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Wahifadhi wanakupokea hapo, mnasalimiana, mnajiandikisha, mnalipa kwa namba ya malipo, mnapewa maelezo. Muongoza wageni wetu alikuwa kijana mpole sana, alimwamkia wifi "shikamoo mama" kabla hajagusa karatasi yoyote, na wifi tangu hapo akawa upande wake. Watoto wadogo hawaruhusiwi kupanda kwa sokwe. Nilijua hivyo tangu mjini, kwa hiyo tuligawana: mume wangu, wifi na binti yake wakapanda na kijana, mimi na wanangu tukabaki pwani ya ziwa mpaka waliporudi.

Mchanga wa Kasekela si ule mweupe wa kwenye picha za Zanzibar. Ni wa kijivu unaoelekea kahawia, chembe zake nene, na umechanganyika na changarawe laini zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Vijito vinashuka kutoka milimani kupitia mabonde yake, kila bonde na kijito chake, na kila kijito kinapomwagika ziwani kimeleta mzigo wake wa mawe na mchanga. Mawimbi yanauchambua mzigo huo. Karibu na mdomo wa kijito kuna mawe ya ukubwa wa ngumi, ukitembea hatua kadhaa yanakuwa ya ukubwa wa kunde, ukiendelea unakanyaga mchanga mtupu. Watoto waligundua wenyewe kabla yangu, wakawa wanakimbia kutoka kwenye mawe hadi mchangani na kurudi, wanashindana nani atakuwa wa kwanza kusikia unyayo haumi.

Anayetafuta vilima vya mchanga atafute kwingine. Vilima halisi viko Shela, kwenye kisiwa cha Lamu kule Kenya, ambako upepo wa bahari umerundika mchanga nyuma ya ufukwe, na chini ya mchanga huo ndiko maji baridi ya kunywa ya watu wa Lamu yanakohifadhiwa. Kwetu ukuta wa milima umekaribia maji mno, mchanga hauna pa kujirundikia. Kinachopatikana Gombe ni tuta dogo refu la kufika gotini, linalofuata ukingo wa maji, ambalo mawimbi ya jioni hulijenga na kulibomoa. Mwanangu mkubwa alilikalia kama farasi.

Lakini matuta yapo. Yako chini ya maji.

Tulikuwa tumebeba miwani ya kuogelea, ya plastiki, ya kawaida kabisa. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 kwenye sehemu yake ya chini kabisa, lakini pale ukingoni unaweza kusimama maji yakiwa kifuani na ukahesabu vidole vyako vya miguu. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, maji ni maangavu kiasi kwamba unaona kivuli cha samaki kabla hujamwona samaki mwenyewe. Mwanangu alizamisha uso, akakaa kimya muda ambao si kawaida yake, akainuka akasema, "Mama, kuna samaki anachimba."

Nikavaa miwani nikatazama. Mahali mchanga unapokutana na mawe kulikuwa na vilima vya mchanga vya mviringo, vimeinuka, vimetoboka katikati kama bakuli, upana wake kama sinia la pilau. Juu ya kila kimoja dume mmoja wa samaki mdogo, mwili wa bluu unaobadilika rangi akigeuka, mapezi ya tumboni marefu na membamba kama uzi, yana ncha za njano. Alikuwa anachota mchanga kwa mdomo chini ya kilima, anaupandisha, anautema ukingoni, anashuka tena. Punje zikiporomoka, anazirudisha. Dume mwingine akisogea, anamfukuza, kisha anarudi kwenye kazi yake. Baadaye kijana wa hifadhi alinieleza kwamba dume anajenga ili kumvuta jike. Jike anakuja, anataga pale kwenye bakuli, halafu anayachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo, analelea humo humo mdomoni. Kilima kinabaki cha dume. Kwenye ziwa letu kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna wengine wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa, jike anaingia mzima mzima. Mimi nimekula migebuka, kuhe na dagaa wa ziwa hili maisha yangu yote, na sikuwahi kumtazama samaki akiwa kazini kwake. Tulikaa pale mpaka midomo ya watoto ikaanza kutetemeka. Kama ukienda Gombe usibebe kitu kingine chochote, beba miwani ya kuogelea.

Kuhusu usalama wa kuogelea, uliza wahifadhi kwanza wapi na saa ngapi, kisha fuata. Kwenye mawe makubwa usijiingize ovyo, kuna swila wa maji anayewinda samaki humo. Kwa kawaida humkimbia mtu, lakini ni nyoka mwenye sumu na pale ni kwake. Sisi tulibaki sehemu ya mchanga tuliyooneshwa.

Nyani ndio wenyeji wakuu wa ufukwe ule. Wanashuka asubuhi kundi zima, madume mbele, majike na watoto migongoni, wanatembea ukingoni mwa maji wakigeuza mawe na kuokota samaki waliotupwa na mawimbi. Hawana habari na wewe mpaka waone chakula. Sharti ni moja, na wahifadhi wanalisisitiza: hakuna kula nje, hakuna kubeba chakula mkononi. Nyumba za pale madirisha yake yana nyavu za waya, na ukitaka kula unaingia ndani kama vile wewe ndiye uliyefungiwa na nyani ndio watalii. Kundi moja la wageni lilipuuza, likafungua mfuko wa maandazi kwenye kivuli cha mti. Sikuona alikotokea yule dume. Niliona mkono mmoja, mfuko umeondoka, na yeye ameketi juu ya jiwe anakula taratibu huku akitutazama. Meno ya nyani dume ni marefu, msicheze naye. Watoto wangu waliambiwa wasimkodolee macho, wasikimbie, washikane mikono na kupita pembeni. Walifanya hivyo vizuri kuliko watu wazima wengi.

Walipoteremka, wifi alikuwa hoi, viatu mkononi, uso umejaa furaha. Wameona sokwe. Kundi la Kasekela limezoea watu kwa miaka mingi, lakini kupanda kwenyewe si lelemama, njia zinasimama wima na mizizi ndiyo ngazi. Mnavaa barakoa, mnakaa nao si zaidi ya saa moja, na mwenye mafua au kikohozi anabaki chini. Sharti hilo lina historia. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakapooza, na magonjwa ya kifua yamewaua wengi baada ya hapo. Ugonjwa wetu mdogo kwao ni msiba. Kwa hiyo mkiwa na mtu anapiga chafya nyumbani, ahirisheni. Wifi alituhadithia jinsi jike mmoja alivyokuwa anamchambua mwanawe nywele, anamgeuza, anamvuta sikio, mtoto analalamika, mama hajali. "Nimemkumbuka mama akinisuka," akasema, na akanyamaza kidogo. Walifika pia kwenye maporomoko ya Kakombe. Zaidi ya hapo, habari za sokwe zimeandikwa tele, sitaziongezea.

Nitaongeza lile ambalo halijaandikwa sana. Mwaka 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku kwa boti, wakashuka kwenye ufukwe huo huo na kuwateka wanafunzi wanne wa utafiti kutoka nje. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondolewa. Waliobaki wakipanda mlima kila asubuhi na daftari, kufuata sokwe na kuandika walichokula na waliolala nao, ni Watanzania, watu wa vijiji hivi hivi vya mwambao. Kazi ile haikukatika kwa sababu yao. Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na dunia nzima ikamlilia, kwa haki kabisa. Lakini mtu wa Kigoma anayesema Gombe ni ya Wazungu, akumbuke nani alikuwa akipanda mlima huo miaka ile. Nilipomwambia mume wangu hayo alicheka, akasema nimekuwa mwanasiasa. Sijawa. Nimesimama tu pale mchangani, nikatazama pale boti zilipoegeshwa, na nikaona hilo ni letu.

Liko jambo moja lililonisikitisha, na lawama yake inatufikia sisi wa mjini. Kwenye mstari ambao mawimbi yanaishia, kati ya majani makavu na vijiti, kuna chupa za maji, kandambili za mguu mmoja, vipande vya nyavu za nailoni, vifuniko. Hakuna kijiji pale cha kuvitupa. Vinasafiri na maji kutoka kwenye mialo na mitaro yetu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na kweli sikuiona, ila chupa ziko pale pale. Watoto wangu waliokota wakajaza kapu tulilokujia na nguo za kubadilisha, tukarudi nalo Kibirizi. Na ufukwe wenyewe umepungua. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, kila mwenye kibanda Ujiji na Kibirizi anajua, na kule Gombe kuna miti iliyosimama ndani ya maji ambayo ni wazi ilizaliwa nchi kavu. Sehemu nyingine tulilazimika kupita majini ili tuendelee mbele.

Msimu: kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, njia ni kavu na sokwe wanashuka chini zaidi, lakini upepo wa kusini una nguvu na ziwa linachafuka mchana. Masika maji ya ziwa yanatulia kati ya mvua na mvua, ila mlima unateleza vibaya. Kwa wa ufukweni kama mimi, wakati wowote unafaa mradi uwe majini alfajiri. Usiku ukibahatika kulala na mwezi haupo, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mpaka kule mbali. Mbalamwezi ikiwaka hawatoki, kwa sababu taa haivuti dagaa ikishindana na mwezi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa hiyo anayetaka taa hizo aulize kwanza.

Na anayetaka ufukwe wa nusu siku tu, bila boti, ufukwe wa Jakobsen ng'ambo ya Katonga unatosha kabisa, maji mazuri, watoto wanacheza. Mahale nako kuna mchanga mweupe na mpana zaidi kuliko Gombe, lakini ni safari ya mbali kusini na bajeti yake ni nyingine. Kwa familia ya kawaida ya Kigoma, au mgeni aliyeshuka kwenye treni ya Tabora na siku chache mkononi, Gombe ndiyo ninayoipendekeza bila kusita.

Vitu vya kubeba: kofia, khanga mbili kwa kila mwanamke (moja ya kujifunga, moja ya kivuli), viatu vya kufunga kwa wanaopanda, kandambili za mpira kwa ajili ya changarawe, maji ya kunywa, na chakula kilichofungwa kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana. Sisi tulibeba ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga kwa mawese, tukala ndani nyuma ya nyavu za waya. Wifi alisema Tabora hajala samaki hivyo, na mimi namwamini, maana aliniachia mifupa tu.

Tuliondoka saa 9 alasiri, upepo umeshaanza. Boti ilikuwa inapanda na kushuka, watoto wameshikilia mbao, jaketi za kuazima zimewabana vizuri kifuani. Kibirizi nilimtafuta yule kijana nikamrudishia mkononi mwake. Nilimwahidi kumshonea shati, na nimeshalikata, kitambaa cha kitenge cha bluu. Yule mwenye boti yetu alikuja kutuuliza kama tutamwita tena mwezi wa 12, mama mkwe akija kutoka Tabora. Nikamwambia anunue kwanza jaketi mbili za watoto, zile zenye mkanda wa katikati ya miguu, azitundike mahali ninapoweza kuziona kabla sijampa hela ya mafuta. Akasema atanunua. Mwezi wa 12 nitakwenda kuangalia.